Usitoke kwa Daktari wa Macho Bila Jibu



Katika kazi yangu ya uuguzi nimewaona akina mama wengi wakitoka chumba cha daktari wa macho wakiwa na karatasi mkononi na wasiwasi moyoni. Ukimwuliza mmoja, "Mama, umeambiwaje?" atakujibu, "Nimeambiwa nivae miwani." Miwani ya nini? Ya kuonea mbali au ya kusomea? Aivae siku nzima au wakati wa kazi tu? Arudi lini? Hayo yote hayajui.

Mama huyo huyo, akienda sokoni kununua kilo mbili za mchele, atauliza kama ni wa Kyela au wa Ifakara, wa mwaka huu au wa mwaka jana. Ataumwaga kiganjani autazame, kisha ndipo azungumzie bei. Mchele huo utaliwa siku mbili ukaisha. Macho tunakaa nayo maisha yote, lakini mbele ya daktari tunanyamaza kana kwamba kuuliza ni utovu wa adabu.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Mwezi huu nataka tuzungumze, mama kwa mama, jinsi ya kupata majibu yanayoeleweka kuhusu macho yetu na ya watoto wetu. Nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwangu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi ya yale niliyoyasoma chuoni.

Binti yangu na leza

Binti yangu alianza kuvaa miwani akiwa kidato cha kwanza. Tangu utotoni macho yake yalikuwa yakimwasha, hasa nyakati za vumbi, na alikuwa na tabia ya kuyafikicha kwa nguvu kwa ngumi. Miwani ya kwanza ilimsaidia sana. Lakini kabla mwaka haujaisha akaanza tena kulalamika kwamba maandishi ya ubaoni yana kivuli. Tukarudi dukani, akapimwa, akapewa miwani mipya. Baada ya miezi minane, hali ikawa ile ile.

Mimi huhifadhi karatasi zote za matibabu ya watoto wangu ndani ya bahasha moja. Nilipozipanga mezani niliona kwamba namba moja ya jicho la kulia, ile inayoitwa silinda, ilikuwa imepanda kutoka 1.25 hadi 2.50, kisha hadi 4.00. Nilimwuliza muuza miwani sababu. Akasema, "Macho ya wasichana hubadilika, mama. Akimaliza shule yatatulia." Mara ya tatu nilimwuliza tena, nikapewa jibu lile lile pamoja na bei ya fremu mpya.

Wakati huo huo shemeji yangu anayeishi Uingereza alitupigia simu akiwa na furaha. Alisema huko watu wanatibiwa macho kwa leza na kuachana na miwani kabisa, naye alikuwa tayari kumlipia binti yetu mara atakapotimiza miaka 18. Nyumba nzima ilishangilia. Binti mwenyewe alianza kuhesabu miezi iliyobaki.

Nilimwambia mume wangu, "Baba, kabla ya kufurahi, twende kwa daktari bingwa tukaulize kwa nini namba hii inapanda." Tukasafiri hadi hospitali kubwa. Niliandika maswali matatu kwenye kipande cha karatasi: Tatizo hasa ni nini? Tusipofanya lolote, litafika wapi? Nini kinaweza kufanyika, na nini hakifai kufanyika?

Daktari alizitazama zile karatasi tatu kwa muda mrefu. Kisha akaagiza kipimo ambacho binti alikuwa hajawahi kufanyiwa: mashine inayopiga picha ya umbo la konea, yaani kile kioo kinachong'aa mbele ya jicho. Picha ilitoka na rangi kama ramani. Sehemu ya chini ya konea ya kulia ilikuwa nyekundu. Daktari akachukua kalamu na kuchora. Konea ya kawaida, alisema, ni ya duara kama upande wa mpira, na unene wake katikati ni karibu nusu milimita. Ya binti yetu ilikuwa inazidi kuwa nyembamba na kuchongoka kama pia. Ugonjwa huo huitwa keratokonasi. Mara nyingi huanza wakati wa ujana, na kufikicha macho huuchochea.

"Na leza, daktari?" mume wangu akauliza.

"Mzee, leza ya kuondoa miwani hufanya kazi kwa kuipunguza konea na kuipa umbo jipya," akajibu. "Huyu konea yake tayari ni nyembamba. Mkimpunguzia tena, mtaidhoofisha zaidi. Asifanyiwe."

Binti yangu alilia. Nami moyo uliniuma, lakini nilishukuru kwamba jibu lilikuja kabla ya siku ya upasuaji.

Swali la pili lilipata jibu gumu: ugonjwa ukiachwa unaweza kuendelea hadi miwani isisaidie tena, na hatimaye mgonjwa akahitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Swali la tatu lilileta matumaini. Yapo matibabu ya kuiimarisha konea, ambayo yalianzia Dresden, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Jicho hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa mwanga maalumu wa urujuanimno ili nyuzi za konea zikazane. "Lakini nielewane nanyi," daktari alisema. "Lengo ni kuusimamisha ugonjwa usiendelee. Hatarudi kuwa mtu asiyehitaji miwani." Maneno hayo machache yalitusaidia sana, maana hatukuondoka na matumaini ya bure.

Shemeji alikubali fedha za leza zitumike kwa matibabu hayo. Jicho la kulia lilifanyiwa kwanza, na kwa siku chache lilimwuma sana. Leo binti yangu anavaa lenzi ngumu juu ya jicho hilo na anasoma bila shida. Kwa macho kuwasha anatumia dawa aliyoandikiwa, wala hayafikichi tena. Kila baada ya miezi sita tunarudi kupiga picha, na mpaka sasa ramani haijabadilika.

Unayeongea naye ni nani?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si kila mtu anayepima macho ana kazi moja. Daktari bingwa wa macho ni daktari aliyesomea magonjwa na upasuaji wa macho. Mtaalamu wa optometria amesomea kupima uwezo wa kuona na kuandika namba za miwani, na pia kutambua dalili za ugonjwa ili akupeleke mbele. Fundi miwani hukata lenzi na kuziweka kwenye fremu. Hapa kwetu wapo pia wauguzi na matabibu waliopata mafunzo ya ziada ya macho, nao ndio wanaobeba mzigo mkubwa katika hospitali za wilaya.

Wote wanahitajika. Lakini usimwulize fundi swali la daktari. Si vibaya kusema kwa upole, "Samahani, wewe ni daktari au ni mpimaji?" Mtu mwema hatachukia.

Karatasi yako inasema nini?

Namba za miwani si siri. R ni jicho la kulia, L ni la kushoto. Wengine huandika OD na OS. SPH ni nguvu ya lenzi. Ikiwa na alama ya kutoa, mtu haoni mbali vizuri. Ikiwa na alama ya kujumlisha, lenzi ni ya kusaidia macho yanayoshindwa hasa kuona karibu. Mtu mwenye –2.00, bila miwani, huona sawasawa mpaka umbali wa nusu mita tu, mwenye –4.00 huishia robo mita. CYL ndiyo silinda: inaonyesha kwamba jicho halina mviringo sawa pande zote, na AXIS inataja mwelekeo wake. ADD ni nguvu ya ziada ya kusomea. PD ni nafasi kati ya mboni mbili kwa milimita. Hiyo ikikosewa, miwani mizuri inaweza kukuumiza kichwa.

Ukisikia 6/6, maana yake ukisimama mita 6 unaona kile ambacho jicho zima huona kwa mita 6. Ukiambiwa 6/60, unachokiona wewe kwa mita 6, mwenye jicho zima hukiona akiwa mita 60. Muulize mpimaji, "Bila miwani naona ngapi, na kwa miwani ngapi?" Ikiwa hata kwa miwani mipya hufiki 6/6, swali linalofuata ni, "Kwa nini?" Hapo ndipo ugonjwa uliojificha hugunduliwa.

Omba karatasi yako kila mara, uitunze. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba za miaka mitatu zikiwekwa pamoja husimulia habari nzima.

Ukishawishiwa kuhusu leza

Upasuaji wa leza umewasaidia watu wengi duniani, nami sitaki kumtisha mtu. Lakini yafaa ujue yafuatayo kabla hujalipa. Kwa kawaida haufanywi kwa walio chini ya miaka 18, na namba za miwani zinapaswa kuwa zimetulia kwa mwaka mzima au zaidi. Mama mjamzito au anayenyonyesha angoje, kwa sababu katika kipindi hicho namba za macho huweza kuyumba. Macho makavu baada ya leza ni jambo la kawaida, na kwa baadhi ya watu hudumu. Tena, leza ya kuonea mbali haizuii uzee wa jicho: ukifika miaka ya arobaini utahitaji miwani ya kusomea kama wenzako.

Kwa hiyo uliza: Konea yangu imepigwa picha? Unene wake unatosha? Kwa macho yangu mimi, si ya watu kwa jumla, hatari ni ipi? Daktari anayekwambia hakuna hatari yoyote hajakujibu.

Watoto wadogo hawajui kulalamika

Mtoto aliyezaliwa haoni vizuri hudhani kila mtu anaona kama yeye. Wewe mama ndiwe mwenye kugundua. Je, anasogelea sana daftari? Anainamisha kichwa upande mmoja? Anakodoa akitazama ubao? Ana makengeza yanayoendelea hata baada ya miezi minne ya kwanza? Mpeleke. Na ukiona weupe ndani ya mboni, au pichani jicho moja linang'aa jeupe, usingoje hata wiki: inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na siku zinahesabika.

Jicho moja likiwa dhaifu kuliko lingine, ubongo huzoea kulitumia lile zima tu, na lile jingine likabaki jicho vivu. Dawa yake ni miwani, na mara nyingi kulifunika jicho zima kwa saa atakazopanga daktari, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Matibabu hayo hufaa zaidi yakianza kabla ya miaka saba. Kwa hiyo ukiambiwa, "Atazoea," au, "Mngoje akue," uliza kwa heshima, "Daktari, jicho hili likingoja, halitakuwa vivu?"

Usishtuke mtoto akitiwa matone kabla ya kupimwa. Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu, nayo huweza kudanganya kipimo. Matone huilegeza ili namba ya kweli ionekane. Ataona ukungu wa karibu kwa muda, pengine siku kadhaa kutegemea dawa, kisha hali itarudi. Uliza ni kwa muda gani, ili umjulishe mwalimu wake.

Na wale wanaosema miwani huharibu macho ya mtoto, wajibu kwa upendo kwamba si kweli. Miwani iliyopimwa vizuri haidhoofishi jicho. Mtoto akiivua anaona ukungu kwa sababu sasa anajua kuona vizuri kulivyo. Kuhusu kuzuia, jambo moja linajulikana: watoto wanaocheza nje mchana, kwenye mwanga wa jua, hawapatwi sana na tatizo la kutoona mbali kama wanaoshinda ndani.

Sisi tuliovuka arobaini

Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Unapoona unaisogeza mbali sindano ili upate kutia uzi, au unapepeta mchele na mawe yanakukwepa, umefika. Si ugonjwa, wala si aibu. Mara nyingi mtu wa miaka 40 hutosheka na +1.00, wa 45 na +1.50, na wa 50 na +2.00. Katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu macho, Shirika la Afya Duniani lilitaja watu milioni 826 wenye tatizo hili ambao hawajapata msaada.

Miwani hii midogo ina thamani kuliko tunavyofikiri. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi, wengi wao wanawake, walipewa miwani ya kuonea karibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Uzito wa chai waliyochuma uliongezeka kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao waliokuwa bado hawajapewa. Basi mama mshonaji, mwalimu, au mwenye duka asisite.

Lakini kuna hatari. Miwani ya kusomea ya sokoni inaweza kukusaidia kusoma, ila haikupimi. Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimya kimya, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo siku ya kupimwa miwani sema, "Naomba unipime pia presha ya macho na kuangalia mshipa ulio nyuma." Kama mzazi au ndugu yako alipofuka kwa presha ya macho, mtaje.

Angalia pia namba zinazobadilika haraka. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinunua miwani mara mbili ndani ya miezi minne, na zote zikamkataa. Nilimshauri apime sukari. Ilikuwa juu sana. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika nayo. Alipotibiwa na sukari kutulia, ndipo alipopimwa miwani iliyomfaa. Vivyo hivyo, bibi anayefurahi kwamba ghafla anasoma bila miwani aliyoitumia miaka yote, mpeleke akapimwe. Huenda ni mtoto wa jicho anayeanza.

Jinsi ya kuuliza

Kwa kuwa nimekaa upande wa pili wa meza, nawaambia ukweli: daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango hana nia mbaya. Amechoka, na maneno ya kitaalamu humtoka bila kufikiri. Tukimsaidia, naye atatusaidia. Mambo haya nimeyaona yakifanya kazi:

1. Andika maswali matatu nyumbani, si kumi. Anza na lile linalokuhangaisha zaidi.

2. Beba miwani ya zamani, karatasi zote, na orodha ya dawa unazotumia.

3. Usipoelewa, sema, "Daktari, naomba unichoree." Mchoro hushinda maneno mengi.

4. Rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo unasema nivae siku nzima, nirudi baada ya mwaka. Ndivyo?" Kama hukuelewa, hapo hapo atakusahihisha.

5. Uliza, "Dalili gani ikitokea nirudi mara moja?" Kuona mimweko ya mwanga, vitone vingi vyeusi vya ghafla, au kama pazia limefunika jicho, ni haraka ya siku hiyo hiyo.

6. Nenda na mtu. Masikio manne husikia kuliko mawili.

7. Ukijibiwa kwa ukali, usigombane. Shukuru, kisha tafuta maoni ya daktari mwingine. Ni haki yako.

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu alimwona, na hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Watu walikuwa wamemwambia anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Akina mama wenzangu, tusinyamaze. Jibu la daktari ni sehemu ya matibabu, kama dawa yenyewe, na hutaweza kuyafuata matibabu usiyoyaelewa.

Leo jioni, kabla ya kulala, zifungue bahasha zenu. Tafuta karatasi za macho za watu wa nyumba yako, zipange kwa mwaka, uzitazame. Mfunike mtoto jicho moja, kisha jingine, umwulize anaona nini kwenye kalenda iliyo ukutani. Ukiona jambo usilolielewa, liandike. Hilo ndilo swali lako la kwanza.

Mungu awalinde pamoja na nyumba zenu.